Maharagwe Yanayokataa Kuiva: Kati ya Magadi, Munyu wa Jivu na Vidonge vya Maumivu

Swali: "Mama mkwe hunitumia maharagwe kutoka Kakamega kila baada ya mavuno. Gunia la mwisho lilifika hapa Nakuru mwezi wa nane mwaka jana, nami nikaliweka jikoni, kando ya meko. Mwanzoni yaliiva vizuri, lakini siku hizi nayachemsha kwa gesi kwa muda wa saa nne na bado yana kiini kigumu. Maji yetu ni ya kisima cha kuchimbwa kwa mashine, na jirani ananiambia kwamba ndiyo yanayoyakausha. Yeye hutumia magadi. Mama mkwe anasema nitie munyu wa jivu kama wanavyofanya nyumbani. Mwenzangu kazini ameniapia kwamba wauza githeri, ule mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, hutia vidonge viwili vya parasitamoli na sufuria ikaiva kwa nusu saa. Mume wangu anatumia dawa za shinikizo la damu na mtoto wetu ana miaka minne. Nifuate ushauri wa nani, na nusu gunia lililobaki nilifanyie nini?"

Dada yangu, naona umepokea ushauri wa watu watatu na kila mmoja anakuhakikishia kwamba wake ndio dawa. Nitaupitia wote, lakini nianze na jambo ambalo hakuna kati yao aliyekugusia. Maharagwe hayo yaliharibikia guniani, polepole, katika miezi yote yaliyokaa kando ya meko yako, na ndiyo sababu mapishi yaleyale yaliyokufaa mwezi wa nane hayakufai leo.

Ndani ya punje ya haragwe, seli hushikamana kwa dutu iitwayo pektini, ambayo hufanya kazi kama ya udongo kati ya tofali na tofali. Haragwe jipya likichemka, pektini hiyo huyeyuka, seli huachana, na punje ikawa laini. Sasa, mbegu huwa pia na akiba ya fosforasi iitwayo fitati, na akiba hiyo ndiyo inayoyashikilia madini ya kalsiamu na magnesiamu yasiende kwingine. Maharagwe yakikaa muda mrefu kwenye joto na unyevu, kimeng'enya kilichomo ndani ya mbegu huivunja fitati, madini yakaachiliwa, nayo yakaenda kujifunga kwenye pektini. Pektini iliyokwisha kufungwa na kalsiamu haiyeyuki kirahisi hata uichemshe mchana kutwa. Meko ya gesi yenye sufuria inayotoka mvuke kila siku huleta joto na unyevu kwa pamoja, na gunia la katani au la nailoni haliwezi kuzuia lolote kati ya hayo mawili. Ikiwa ni rosecoco, yale maharagwe yenye madoadoa, angalia rangi: ule weupe wa maziwa uliokuwa chini ya madoadoa mekundu huwa umegeuka hudhurungi. Wanunuzi wazoefu sokoni hutazama rangi hiyo kabla hata ya kuuliza bei ya gorogoro, lile kopo la kupimia.

Kuna ugumu wa namna ya pili ambao watu huuchanganya na huu, na dawa yake ni tofauti, kwa hiyo usiamue lolote kabla ya kufanya jaribio dogo. Chambua kikombe kimoja cha maharagwe, uyaloweke usiku kucha, kisha asubuhi uyamwage kwenye sinia na kuyatazama kwa makini. Utakayoyakuta yamebaki madogo, yanang'aa, ngozi imekaza bila kunyauka, hayakunywa maji kabisa. Hayo yalikauka kupita kiasi hadi ganda likajifunga, na mara nyingi huokolewa kwa kuyachemsha dakika chache, kuzima moto, na kuyaacha kwenye maji hayo ya moto kwa saa moja. Yaliyovimba vizuri yapike kwa saa moja na nusu, kisha ubonyeze moja kati ya kidole gumba na cha shahada. Likipasuka vipande vipande na katikati ukahisi kitu kama chokaa, hilo ndilo lililozeekea ghalani. Kwa jinsi ulivyoeleza, nadhani utayakuta mengi ni ya kundi hili lililozeekea ghalani.

Tuje kwa maji ya kisima. Jirani yako ana hoja ya kweli, ila ameitumia mahali pasipofaa. Maji yenye kalsiamu nyingi kweli huchelewesha maharagwe kuiva, kwa sababu ileile ya pektini. Lakini maji ya chini ya ardhi katika Bonde la Ufa, Nakuru ikiwemo, kwa kawaida huwa na sodiamu na baikaboneti nyingi na kalsiamu kidogo, na maji ya namna hiyo yanasaidia kulainisha maharagwe badala ya kuyakausha. Ubaya wa maji hayo uko kwingine, yaani kwenye floridi, na nitarudi kwake kwa sababu una mtoto wa miaka minne. Kuhusu mwinuko, usiupe uzito mkubwa. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari na maji huchemkia karibu nyuzi 94. Kakamega, iliyo karibu mita 1,500, huchemkia nyuzi 95. Tofauti ya nyuzi moja haielezi saa nne za gesi. Linaloeleza ni kwamba mama mkwe wako hupika maharagwe ya msimu uliopita juzi, kwani magharibi huvuna mara mbili kwa mwaka, hutumia munyu, na huenda anatumia maji ya mvua.

Yako mengine ya kusahihisha kwa haraka. Chumvi haiyafanyi maharagwe kuwa magumu. Ikitiwa kwenye maji ya kuloweka, sodiamu yake huchukua nafasi ya sehemu ya kalsiamu iliyoshika ngozi ya haragwe, na ngozi hulainika. Kinachokaza ni uchachu: nyanya, ndimu na ukwaju havifai kuingia sufuriani kabla maharagwe hayajaiva kabisa, na nimeona nyumba nyingi zikilaumu maharagwe ilhali nyanya zilitiwa mapema. Na ukiongeza maji katikati ya mapishi, ongeza ya moto. Ya baridi hayatagandisha chochote, lakini yatashusha joto na utalipia gesi ya kulirudisha.

Kuhusu parasitamoli sitazunguka: usitie. Wengi Kenya wameusikia uvumi huo, na inasemekana wapo wapishi wanaoufuata kwa nyama na kwa githeri, lakini kidonge hicho hakina chochote kinachoigusa pektini wala kuiondoa kalsiamu. Wanaoapa kwamba kimewasaidia aghalabu wametia na magadi, au wamepata maharagwe mapya. Hata hivyo, dawa yenyewe haipotei kwa kuchemshwa. Hubaki kwenye mchuzi, na hakuna anayejua ni kiasi gani kimeingia kwenye sahani ya nani. Mtu mzima hapaswi kupita gramu 4 za parasitamoli kwa saa 24, na mtoto hupimiwa kwa uzito wake kwa sababu inayoumia ikizidi ni ini. Fikiria siku ambayo mtoto ana homa, umempa dawa yake kwa kipimo sahihi, kisha akala chakula cha mchana chenye dawa hiyohiyo usichoweza kukipima.

Magadi ni suala lenye pande mbili, na nisingependa kuyalaani tu. Yanafanya kazi. Ni chumvi ya alikali, yaani kinyume cha uchachu, sodiamu kaboneti pamoja na baikaboneti, inayovunwa mahali kama Ziwa Magadi katika Kaunti ya Kajiado, na pektini huvunjika haraka zaidi katika maji ya alikali kuliko katika maji ya kawaida. Ndiyo maana kipande kidogo hupunguza muda wa kupika sana, na ndiyo maana mboga zenye nyuzi ngumu hulainika kwa magadi. Lakini gharama yake ipo, tena kwa nyumba yako ipo mara tatu. Kwanza, alikali pamoja na moto huharibu vitamini B1, ambayo ni miongoni mwa sababu za kula maharagwe. Pili, magadi ni sodiamu, nayo ndiyo ambayo daktari wa mume wako bila shaka amemwambia aipunguze. Mtu anaweza kuacha kunyunyizia chumvi mezani huku akiinywa kwenye mchuzi wa maharagwe bila kujua. Tatu, magadi ghafi, yale mabonge ya kijivu yanayouzwa sokoni, huwa na floridi, na kiasi chake hutofautiana kutoka bonge hadi bonge.

Hapa ndipo maji yako ya kisima yanaporudi. Floridi kidogo hulinda meno, lakini ikizidi wakati meno ya kudumu yanapojengwa ndani ya ufizi, yaani tangu utotoni hadi miaka minane hivi, meno huota yakiwa na madoa meupe au ya hudhurungi ambayo hayatoki kwa mswaki. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya Nakuru na vitongoji vyake hukipita. Watu wengi huamini kwamba kuchemsha maji kunaiondoa. Kunafanya kinyume: mvuke hutoka ukiwa maji matupu, floridi ikabaki. Sasa tazama sufuria yako, dada. Kwa saa nne maji yanapungua, unaongeza ya kisima, yanapungua tena, unaongeza tena, na kila ulichoongeza kimeacha floridi yake ndani ya chakula. Ukitia na magadi juu yake, umeongeza nyingine. Kwa familia iliyoko pwani au Kisumu ningeweza kusema kipande kidogo cha magadi mara mojamoja si neno. Kwa nyumba yenye mtoto wa miaka minne, mgonjwa wa shinikizo la damu na maji ya kisima cha Nakuru, ningekushauri uyaache.

Soda ya unga inayouzwa dukani kwa ajili ya keki ni safi kuliko magadi kwa upande wa floridi, lakini ni sodiamu vilevile na huharibu vitamini ileile. Ukilazimika kuitumia, robo ya kijiko cha chai kwa nusu kilo ya maharagwe inatosha, na ni afadhali uitie kwenye maji ya kuloweka, ambayo utayamwaga, kuliko kwenye maji ya kupikia.

Munyu wa mama mkwe nauheshimu, na naomba usiudharau mbele ya mwenzako kazini. Maganda makavu ya maharagwe huchomwa baada ya kupurwa, jivu likawekwa kwenye chombo chenye matundu chini, maji yakamiminwa juu polepole, na kinachodondoka kwenye chungu cha chini ni maji ya rangi ya chai yenye utelezi kidogo. Hiyo ni alikali kama magadi, ila kwa sehemu kubwa ni ya potasiamu badala ya sodiamu, ndiyo maana haiongezi sodiamu kwa mgonjwa wa shinikizo la damu kama magadi yanavyofanya. Kuhusu vitamini B1, hasara ni ileile. Kuna tahadhari mbili. Jivu liwe la maganda au mabua safi tu, lisitokane na mbao zilizopakwa rangi wala moto uliowashwa kwa plastiki. Na potasiamu yenyewe si salama kwa kila mtu: mwenye ugonjwa wa figo anaweza kudhurika nayo, na baadhi ya dawa za shinikizo la damu huufanya mwili uibakize. Kabla ya kuufanya munyu kuwa desturi ya nyumba yako, mume wako amuulize daktari au mfamasia kama dawa zake ni za kundi hilo. Akiruhusiwa, anza na kijiko kimoja cha mezani kwa kilo moja ya maharagwe, kwa sababu ukali wa munyu hutegemea aliyeutengeneza. Mchuzi ukianza kuwa na ladha ya sabuni, umezidisha.

Kama ningekuwa jikoni kwako, ningeweka fedha kwenye sufuria ya presha kabla ya kitu kingine chochote. Mvuke ukifungiwa, joto hupanda kupita nyuzi 110 hata katika mwinuko wa Nakuru, na kile ambacho nyuzi 94 zimeshindwa kukifanya kwa saa nne hufanyika kwa sehemu ndogo ya muda huo. Loweka maharagwe kwa saa nane hadi 12 kwenye maji mara tatu ya ujazo wake, pamoja na kijiko kimoja cha mezani cha chumvi kwa lita. Mwaga maji hayo, suuza vizuri, kisha upike kwa maji mapya. Chumvi kidogo itakuwa imeingia ndani, kwa hiyo wakati wa kukaanga usiongeze nyingine kabla ya kuonja. Sufuria isijazwe kupita nusu, kwa kuwa maharagwe hutoa povu linaloweza kuziba kile kitundu cha mvuke, na kijiko cha mafuta hupunguza povu hilo. Maharagwe mapya hutosheka na dakika 15 hivi. Haya yako yape kati ya 25 na 40. Usiifungue kwa nguvu. Subiri hadi mvuke ushuke wenyewe.

Maji ya mvua ndiyo ninayoyapendelea kwa kupikia katika nyumba kama yako, kwa kuwa karibu hayana floridi wala kalsiamu. Acha mvua ya kwanza baada ya kiangazi ioshe paa, ukinge inayofuata, na paa lisiwe na rangi yenye risasi. Ikiwa huna tangi, vipo vichujio vya makaa ya mifupa vinavyonasa floridi, na Jimbo Katoliki la Nakuru limejishughulisha na teknolojia hiyo kwa miaka mingi. Kitambaa, dawa ya klorini na kuchemsha haviondoi floridi.

Huenda mtu akakushauri pia utumie kile kikapu cha kuhifadhi joto, kinachomalizia kupika bila moto. Ni kizuri kwa maharagwe mapya, lakini kwa haya sikipendekezi, na hata kwa mapya kina sharti. Maharagwe mabichi, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili iitwayo lektini, ambayo huharibiwa na mchemko mkali na huweza hata kuongezeka nguvu kwenye joto la wastani lisilofikia kuchemka. Yachemke kwa nguvu nusu saa nzima kabla ya kuingia kikapuni. Kwa sababu hiyohiyo, usiwamwagie kuku maharagwe mabichi ukidhani umeokoa hasara.

Nusu gunia lililobaki sasa. Liondoe karibu na meko leo. Nakuru ina ubaridi wa kutosha, na kona ya chumba cha kulala, juu ya mbao mbili ili chini ya gunia pasishike unyevu, ni ghala zuri kuliko jikoni. Yachambue: yenye ukungu au harufu ya uvundo yatupwe, kwa kuwa sumu ya ukungu haitoki kwa kupikwa. Yaliyobaki ni chakula halali, protini yake bado ipo, ila yasichanganywe na mapya, maana utaivisha moja na kulikosa jingine. Yapike mengi kwa siku moja kwenye sufuria ya presha, uyagawe kwa vipimo vya mlo mmoja na kuyagandisha ikiwa una friji. Yatakayobaki na kiini kigumu hata baada ya presha, yaponde na kuyakaanga kwa kitunguu. Mtoto atayala hivyo kwa urahisi kuliko punje nzima.

Mavuno yajayo, mwombe mama mkwe akutumie kidogo kidogo, na maharagwe yawe yamekauka sawasawa kabla ya kufungwa. Kuna kipimo anachoweza kukifanya mwenyewe: atie konzi ya maharagwe na kijiko cha chumvi kavu kwenye chupa kavu, aifunge, aitikise kwa dakika chache na kuiacha itulie. Chumvi ikigandamana kwenye kuta za chupa, bado yana unyevu na yarudi kwenye turubai juani. Yakishakauka, gunia lisilopitisha hewa, lile lenye mifuko miwili ya plastiki ndani, huwaua dumuzi kwa kuwanyima hewa, na humwondolea haja ya kutia dawa ya unga. Ikiwa tayari hutia dawa, aulize afisa wa kilimo wa wadi yake ni ipi inayoruhusiwa kwa chakula na isubiriwe muda gani kabla ya kupikwa.

Yapo mambo ambayo siwezi kuyamaliza kwa maandishi. Maji ya kisima chenu yanahitaji kupimwa floridi katika maabara ya maji, na mwenye nyumba au kamati ya kisima huenda tayari ana cheti, kwa hiyo anza kwa kukiomba. Ukiona meno ya mtoto yana mistari myeupe kama chaki au madoa ya hudhurungi, mpeleke kwa daktari wa meno. Usijaribu kuyasugua kwa jivu au majivu ya makaa. Mtu akila maharagwe yasiyoiva na ndani ya saa moja hadi tatu akaanza kichefuchefu na kutapika, kwa kawaida hupoa ndani ya siku moja akipewa vinywaji, lakini mtoto anayetapika mfululizo, asiyekojoa au anayelegea apelekwe hospitali bila kungoja. Na kama mmekwisha kujaribu vile vidonge vya parasitamoli, na mtoto alikula chakula hicho, mpeleke akaonwe hata akionekana mzima, kwa sababu dalili za ini huchelewa kujitokeza. Taja idadi ya vidonge vilivyotiwa na saa aliyokula.